Nipokelee Mtoto

Wifi yangu Dharmawati alikuwa mtu wa kuchelewa, lakini Jumamosi ile alifika kwangu Nausori kabla sijaepua chapati. Alikaa kwenye ngazi ya nyuma, akavua viatu, akaanza kulalamikia kichwa. Mimi nilimjua. Kichwa cha wifi yangu huuma pale tu anapotakiwa kwenda mahali asikotaka.

"Usiende basi," nilimwambia. "Wakwe wa mtoto wako wakauliza, nitasema unaringa."

"Sema tu."

"Ungekuwa na cha kuringia ningekusaidia."

Alicheka kidogo, akanirushia kitambaa cha kufutia mikono. Tulikuwa hivyo siku zote, mimi na yeye. Mume wangu Bisun ni mdogo wake wa tumbo moja, na tangu nilipoolewa kwao hatukupitisha siku bila kuchokozana. Kwa hiyo nilipomwona anavaa viatu tena huku midomo inamcheza, nilidhani ni kichwa kweli, nikampa kidonge.

Tulikuwa tumealikwa Suva na Bibi Lachmin, bibi yake Ashneel. Ashneel ndiye aliyekuwa anamwoa Praneeta, binti wa pekee wa Dharmawati. Harusi ilikuwa imekaribia, hema limekodiwa, kadi zimegawiwa mpaka Labasa. Na lazima niseme wazi, posa hii ilikuwa pumzi ya wifi yangu. Alifiwa na mume mapema, akamlea binti peke yake kwa cherehani, na wachumba wawili walikuwa wamemwacha Praneeta kabla ya huyu. Watu walikuwa wameanza kusema msichana ana nuksi. Ashneel alikuja hakusikiliza maneno ya watu, alimpenda, basi.

Bibi Lachmin alitaka tuone maonyesho ya Wexham. Ndilo jahazi lililowaleta watu wa kwao.

Kwetu sisi, ambao wazee wetu waliletwa Fiji kukata miwa, swali la kwanza halikuwa ukoo wala kijiji. Lilikuwa jahazi. Waliovuka maji meusi, ndiyo bahari, katika jahazi moja walishuka wakiwa ndugu, hata kama walipanda hawajuani. Waliitana kaka na dada mpaka kaburini. Watoto wao hawakuoana, wala wajukuu. Vijana wa leo wanaucheka mwiko huo, lakini Bibi Lachmin hakuwa wa leo. Siku ya posa, kabla hata ya kuonja ladu, vile vitamu vya posa, alimgeukia wifi yangu akamuuliza, "Ninyi mlikuja na jahazi gani, mwanangu?"

"Hartwell, mama," Dharmawati alijibu, bila kupepesa jicho.

"Vizuri. Sisi ni watoto wa Wexham."

Tukala ladu. Ndivyo posa ilivyopokelewa.

Wexham yenyewe kila mtu kwetu anaijua. Iligonga mwamba usiku, nchi kavu inaonekana kwa mbali, na mawimbi yakaivunja vipande kabla ya kucha. Watu wa kijiji cha Naivakula waliingia majini na mitumbwi yao. Waliowawahi waliwaokoa. Wengine waliwaokota ufukweni, wakawazika pamoja na wafu wao wenyewe.

Maonyesho yalikuwa katika ghala la zamani la nazi kavu, karibu na bandari. Jua lilikuwa kali, watoto wanakimbizana na vikombe vya barafu. Mlangoni alisimama bwana mmoja mnene wa Naivakula, Apenisa, amefunga kiunoni sulu nadhifu, shuka ya wanaume wa Fiji, anamvalisha kila mgeni kisahani cha bati chenye namba, kama walivyovalishwa wazee wetu.

"Mtarudisha mkitoka, mama zangu," alisema. "Nikikikosa kimoja, nitajua nani kazama."

Ashneel alicheka. Praneeta akampiga picha bibi amevaa bati lake juu ya sari nyeupe. Dharmawati alikishika kisahani chake kwa ncha za vidole, na hakukivaa mpaka nilipomvalisha mimi.

Tuliingia tumbo la meli. Nawapongeza walioitengeneza, walijua kazi. Dari lilikuwa la chini, vitanda vya mbao vimebanana, kuna harufu ya lami na mchele uliovunda. Sakafu ilikuwa juu ya mashine, inapanda na kushuka taratibu. Kwenye kuta kulipita picha za bahari yenye mbalamwezi. Mahali fulani mzee alikuwa anaimba wimbo wa kijijini, na mwingine anakohoa. Nilimshika wifi yangu mkono. Ulikuwa baridi.

Kisha tukagonga. Sakafu iliruka, watoto wakapiga kelele za furaha, taa zikazimika zote. Yakabaki mawimbi tu.

Giza lilikuwa zito. Nilisimama nikingoja taa. Mawimbi yalipiga, yakarudi, yakapiga. Ndipo nikasikia mtu akinong'ona kati yangu na Dharmawati. Si mbele wala juu. Katikati yetu.

"Dada," alisema. "Nipokelee mtoto."

Alisema kwa lugha ya bibi zetu, ile ya vijijini ambayo siku hizi huisikii hata redioni. Nikajua ni sehemu ya maonyesho. Nikawasifu moyoni.

"Wewe una ubao. Nipokelee. Nitamchukua pwani."

Maji yalinirukia shingoni. Yalikuwa maji kweli. Wifi yangu alitoa sauti ndogo, kama mtu aliyetwishwa gunia ghafla.

Taa ziliporudi, watu walikuwa wanacheka na kupiga makofi. Dharmawati hakucheka. Alikuwa amekunja mikono yote miwili kifuani, kiganja kimoja chini, kingine juu, jinsi tunavyompakata mtoto mchanga. Sari yake ilikuwa imelowa hapo kifuani tu. Kwingine kote ilikuwa kavu.

"Shusha mikono, watu wanatuangalia," nilimnong'oneza.

"Siwezi," alisema. "Ni mzito."

Nilimvuta kiwiko. Kilikuwa kigumu, hakikusogea. Nikamfunika na mtandio wangu, nikamwongoza taratibu kuelekea nje ya chumba kile. Kwenye mlango wa kutokea nilimkuta Apenisa, nikamuuliza kwa sauti ya mzaha ili nisionekane mjinga, "Yule mwanamke wa gizani anayeomba apokelewe mtoto mmemrekodi wapi? Kaifanya vizuri."

Apenisa alinitazama. "Gizani tumeweka mawimbi tu, mama. Mwanzo tulikuwa na sauti za watu, zikawatisha watoto, tukaziondoa."

Hakutabasamu. Alitazama mtandio wangu, na mikono ya wifi yangu chini yake.

"Wazee wetu walimimina yaqona, kinywaji chetu cha tambiko, hapa kabla hatujafungua," alisema polepole. "Tuliwaomba ruhusa wale tuliowazika. Ambao hatukuwazika, hatukujua tuwaombe wapi."

Chumba cha mwisho kilikuwa cheupe na kimya, picha ukutani, mabenchi katikati. Bibi Lachmin alikuwa amesimama mbele ya picha ya mwanamke mzee sana, mwenye macho makali. Alituita kwa fimbo.

"Njooni mumwone mama yetu. Huyu ndiye Sukhdei."

Alimsimulia Dharmawati kwa upole, kama mtu anayempa mgeni kitu cha thamani. Sukhdei alipanda Wexham na binti anayenyonya. Meli ilipovunjika alikuwa majini hana pa kushika, na mtoto anamponyoka. Karibu yake alikuwepo mwenzake wa jahazi, kitanda chao kilikuwa kimoja safari nzima, na huyo alikuwa amepata ubao. Akampa mtoto. Wimbi likawatenganisha. Sukhdei aliokolewa na mtumbwi wa Naivakula. Dada yake wa jahazi na mtoto hawakuonekana tena.

"Alizaa wengine baadaye, ndiyo sisi," alisema Bibi Lachmin. "Lakini mpaka anakufa, kila mwaka aliweka maziwa kwenye jani akayapeleka baharini. Na hakumlilia mtoto peke yake. Alimlilia na yule dada. Alisema, nimemtwisha mzigo wangu, ukamzamisha."

Aliyafuta macho yake kwa ncha ya sari. Praneeta akamkumbatia begani. Mimi nilimtazama wifi yangu. Uso wake ulikuwa umepauka kama unga wa muhogo.

Nilimtoa nje, tukakaa kwenye benchi la saruji upande wa bahari. Wengine walibaki ndani wanakunywa chai. Nilimuuliza mara moja tu.

"Dharma. Kuna nini?"

Alinong'ona bila kunitazama. Bibi yao, mama wa baba yake, alimwita siku za mwisho akamwambia yeye peke yake. Hakumwambia Bisun kwa sababu Bisun hana kifua. Hawakuja na Hartwell. Mama wa ukoo wao, Jhinki, alikuja na Wexham. Bahari ilimtupa mbali na wenzake, upande wa mikoko, na ubao wake na mtoto wa kike mikononi. Jhinki alikuwa mjane, tasa, aliyefukuzwa kwao. Mtoto alimshika titi. Kulipokucha aliwaona wenzake kwa mbali ufukweni, wanaitana, wanahesabiana. Alimsikia Sukhdei akilia. Akageuka, akaingia mikokoni. Alikwenda akajiandikisha shamba la mbali, akasema ni wa Hartwell, na mtoto ni wake.

"Sisi ni wa yule mtoto," alisema Dharmawati. "Mimi, Bisun, wanao, Praneeta."

Kwa hiyo haikuwa jahazi moja tu. Ilikuwa tumbo moja. Ashneel na Praneeta wote walikuwa uzao wa Sukhdei, na wifi yangu alijua, akala ladu.

"Vizazi vingapi, wifi?" alisema, kama ananisoma. "Damu imeshakuwa maji. Ningemnyima mwanangu mume kwa ajili ya maiti?"

"Mwambie Bibi Lachmin. Sasa hivi, kabla hajamaliza chai."

"Baada ya harusi."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua, Dharma."

"Nimesema baada ya harusi." Alijikunja juu ya mikono yake. Machozi yalimdondoka kwenye mtandio, akaanza kujibembeleza mbele na nyuma, sijui kama alijua anabembeleza. "Tangu posa sijalala vizuri, wifi. Kila nikimwona yule bibi anavyonipenda, natamani ardhi inimeze. Unafikiri sioni aibu?"

Ndipo Ashneel alipotoka ndani, mbio.

"Mama, Praneeta yuko huku?"

Hakuwa huku. Walikuwa wamerudi tumbo la meli mara ya pili ili Praneeta achukue video. Walikuwa wawili tu. Ashneel alimshika mkono. Taa zilipozimika, alisema, Praneeta aliongea na mtu. Alisema, "Haya, nipe." Akamwachia mkono. Taa ziliporudi hakuwepo.

Apenisa alizima mashine zote. Aliwasha taa kubwa za ghala, zile za kufanyia usafi. Tukatafuta chini ya vitanda, nyuma ya mapazia. Chumba kilikuwa na mlango mmoja wa kuingia na mmoja wa kutoka, na Apenisa alikuwa kwenye wa kutoka. Ashneel alikuwa analiita jina lake mpaka sauti ikakwama.

Dharmawati alisimama katikati ya sakafu. Mashine zilikuwa zimezimwa. Sakafu ilianza kupanda.

Ilipanda, ikashuka. Taratibu. Sote tulishika mbao. Bibi Lachmin alimshika Apenisa.

"Mwachie mwanangu," alisema Dharmawati, kwa sauti ya chini. "Nitasema. Mwachie, nitasema."

Taa kubwa zilififia moja moja. Nilisikia matone. Kisha nyayo, nyepesi, za mtu aliyelowa. Praneeta alitoka kwenye kona tuliyokuwa tumeitafuta mara nyingi. Nywele zilikuwa zimemganda usoni. Maji yalimchuruzika mpaka chini, na chumvi ilikuwa imeanza kumkaukia kwenye nyusi. Alimtazama mama yake kama mtu aliyetumwa.

"Mama," alisema. "Kuna mwanamke huko anauliza. Mtoto wake alilia sana?"

Bibi Lachmin aliinua uso. Ashneel alimkimbilia Praneeta, akamfunika kwa shati lake. Sote tulimgeukia wifi yangu, hata Apenisa, ambaye hakuwa na habari ya chochote.

Sasa, nilisema moyoni. Sema sasa.

Dharmawati alifungua mdomo. Alimtazama binti yake mikononi mwa kijana yule. Nikaona ukweli ukipanda mpaka kooni kwake, nikauona ukishuka.

"Tulikuja na jahazi hili," alisema. "Si Hartwell. Nilikudanganya, mama. Sisi pia ni watoto wa Wexham. Niliogopa mtavunja posa."

Nilingoja. Akainamia mikono yake.

Bibi Lachmin alimtazama muda mrefu sana. Alikuwa na namna ya kutazama kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kula. Mwishoni alishusha pumzi.

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu, mama."

"Basi," alisema bibi, polepole. "Mwiko wa jahazi tuliuweka sisi wenyewe, na mimi ndiye mkubwa niliyebaki. Nauondoa. Waoane." Akaiegemea fimbo yake, akaonekana mzee kuliko asubuhi. "Twendeni mtoto akabadili nguo."

Harusi ilifanyika. Kwa kuwa wifi yangu alikuwa mjane, kazi ya kumtoa bibi harusi tuliifanya mimi na Bisun. Ashneel alikinga mikono, Praneeta akaweka yake juu, mimi nikamimina maji kutoka kwenye chombo kidogo cha shaba, kama ada. Chombo kile kingejazwa na kikombe kimoja cha maji. Nilimimina, nikamimina. Maji hayakuisha. Yalijaa sinia, yakafurika mkekani, yakaufikia moto wa ndoa, na kuhani akaniambia kwa jicho niache. Nilipolamba kidole baadaye kilikuwa cha chumvi. Niliinua macho nikamtafuta Dharmawati kati ya watu. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, mikono kifuani, anajibembeleza.

Mikono yake ilikuwa inashuka na kupanda siku hizo. Asubuhi aliweza kupika, kufikia adhuhuri inajikunja tena. Daktari alisema bega. Dharmawati aliniambia uzito unaongezeka, kwamba mtoto anakua. Niliacha kumchokoza. Nilimwambia kila nilipomwona, mwambie yule bibi, maneno machache tu, hatakuua. Naye kila mara alisema, maharusi warudi kutoka safarini kwanza. Praneeta apone mafua kwanza. Diwali ipite kwanza. Na mimi nilinyamaza, kwa kuwa siri ya mtu ni ya mtu. Mpaka leo nakijutia kimya kile.

Siku maonyesho yalipofungwa, Dharmawati alikwenda peke yake, mchana, amevaa sari yake nzuri. Apenisa ndiye aliyenieleza. Alimvalisha kisahani, akamwona anaingia tumbo la meli, akiwa wa mwisho. Baada ya muda alitoka mwanamke mwingine. Apenisa hakumjua. Alikuwa mwembamba, amelowa, sari ameifunga kwa mtindo wa zamani, na mtoto wa kike amemlalia begani. Mtoto alikuwa amelala fofofo. Yule mwanamke alimwinamia Apenisa kwa heshima, kama anayemshukuru kwa jambo kubwa, akatoka juani, akaenda zake.

Wifi yangu hakutoka.

Polisi walikuja na mbwa. Walibomoa kuta. Walipiga mbizi bandarini. Ashneel alitafuta mpaka akakonda. Mwishowe kuhani alisema tusome sala, kuna maiti au hakuna, na tulikusanyika uani kwangu.

Watu walipoondoka, nilimfuata Bibi Lachmin. Sikuweza kubeba tena. Nilipiga magoti nikamwambia yote: Jhinki, mikoko, mtoto, ladu. Nilimwambia na yangu, kwamba nilijua nikamwaga maji ya harusi kwa mkono wangu. Nilingoja anilaani.

Alinishika kichwa kwa mikono yake miwili.

"Nilijua, mwanangu," alisema. "Nilijua toka siku ya posa. Jirani alimpa Dharmawati mtoto wake ambembeleze, akamwimbia. Wimbo ule Sukhdei aliutunga mwenyewe melini, kwa binti yake. Hatujawahi kuuimba nje ya nyumba yetu. Aliyeusikia ni mmoja tu, wa kitanda kile."

"Ulijua ukawaacha waoane?"

"Vizazi vyote hivyo, nani anahesabu? Nilitaka mtoto arudi nyumbani, na kwa harusi ndiyo angerudi. Sikutaka kumvunja. Sikutaka hata kuombwa radhi." Aliniachia kichwa. "Nilitaka aseme tu. Sukhdei alikufa akidhani amewaua wote wawili. Nilitaka mtu amwambie kwamba hakuua. Pale kwenye maonyesho nilimuuliza, ni hilo tu? Ulinisikia nikimuuliza."

Nilimsikia. Tulilia pale chini, mimi na yeye, mpaka Bisun akaja kutuinua.

Apenisa alikuja siku chache baadaye. Walikuwa wamebomoa sakafu ya tumbo la meli, mbao zilizonunuliwa mpya dukani mwaka uleule. Upande wa chini zilikuwa zimejaa yale makombe madogo makali yanayoota kwenye meli iliyokaa baharini miaka na miaka. Ndani ya makombe kulikuwa na ufunguo. Aliuweka mezani kwangu, hakutaka chai, akaondoka.

Bisun aliutambua kwa jina la duka lililochongwa juu yake. Kitasa cha mlango wa dada yake alikibadilisha mwenyewe, wiki ya harusi, kwa sababu cha zamani kilikuwa kinakwama. Niliukwangua ufunguo kwa kisu cha jikoni. Ulikuwa umeliwa na kutu mpaka umekuwa mwembamba.

Tulikwenda wote wawili, mchana. Nyumba ilikuwa imefungwa tangu polisi walipoondoka, madirisha na mapazia. Ufunguo ulizunguka bila shida. Cherehani ilikuwa mahali pake, vikombe mahali pake, vumbi sawasawa kila mahali.

Chumbani, sari yake nzuri, ile aliyoondoka nayo, ilikuwa imefungwa kwenye boriti ncha zote mbili, jinsi tunavyowafungia watoto bembea. Katikati palikuwa pamebonyea, pamelowa. Hapakuwa na upepo. Bembea ilikuwa inakwenda na kurudi, taratibu, kama mtu ametoka kuisukuma sasa hivi.